Joka Linauzwa Bei Gani? Miaka 40 ya Kupangia Bei Mnyama Anayetema Moto

Unaambiwa hivi: mwaka 1974 joka lilikuwa na bei. Bei kabisa, imechapwa kitabuni kama bei ya mchele ukutani kwa Mangi. Vipande 500 mpaka 1,000 vya dhahabu kwa kila pointi moja ya uhai wake. Ukilikamata likiwa hai unalipeleka sokoni, unahesabiwa chako, unasepa.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha mchezo wa mezani unaoitwa Dungeons & Dragons, wengi wanaufupisha D&D. Kabla watu hawajayaona majoka ya House of the Dragon yakichoma meli na miji, kuna watu walikuwa wamekaa kwenye meza wakiyapigia hesabu kwa penseli.

Kama hujawahi kuuona ukichezwa, picha yake ni rahisi. Chukua zile ngano za bibi, za "hadithi, hadithi", halafu wape wasikilizaji ruhusa ya kuingia ndani ya ngano. Mmoja anakuwa mwendesha mchezo, huyo ndo anasimulia pango, mvua na adui. Wengine kila mtu ana mhusika wake: mpiganaji, mchawi, kuhani na kadhalika. Ukisema "namkata panga yule", hakuna mtu wa kubishana na wewe. Unarusha dadu, namba inaamua. Hakuna simu wala skrini. Karatasi, penseli, dadu na mdomo tu.

Sasa mchezo wenye joka kwenye jina lake lazima uwe na joka la maana. Na kesi ndo inaanzia hapo. Joka likiwa legelege, watu wanacheka. Likizidi ukali, wahusika wote wanakufa kabla chai haijapoa, na mhusika ambaye mtu kamlea miezi sita anabaki majivu. Katikati kuna kamstari kembamba ambapo joka linatisha na bado linapigika. Kukatafuta kamstari hako kumewatoa watu jasho miaka 40, na mpaka leo kuna meza bado zinabishana.

JAMAA WA BIMA NA DINOSARIA LA PLASTIKI

Stori inaanzia Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin kule Marekani. Majina ya wahusika wakuu yapo kila kona ya intaneti, kwa hiyo hapa waitwe kwa kazi zao tu.

Wa kwanza ni jamaa wa bima. Alikuwa na mke na watoto watano, na kazi yake ilikuwa Chicago, kwenye kampuni ya bima, ambako alipima hatari. Mteja huyu akatiwe bima kwa kiasi gani, yule ni mzigo kiasi gani kwa kampuni. Mwaka 1970 kazi ikaota mbawa. Akaingia kwenye ufundi viatu nyumbani kwake ili watoto wale.

Usiku na wikendi jamaa alikuwa na ugonjwa mmoja: vita vya mezani. Vijiaskari vidogo vinapangwa juu ya meza, halafu watu wazima na akili zao wanapigana vita vya mapanga na mishale ya zama za kati. Kwenye michezo ya aina hii kila askari ana bei ya pointi. Kila upande unapewa pointi sawa, halafu kila mtu anajinunulia jeshi lake. Ukitaka wapanda farasi utapata wachache. Ukitaka wa miguu utapata lundo. Bei ikikosewa mchezo umekufa, kwa sababu kila mtu atanunua kile kilichouzwa bure.

Mwaka 1971 jamaa na mwenzake wakatoa kitabu cha sheria kinachoitwa Chainmail. Mwishoni wakabandika sehemu ya maajabu: wachawi, majitu na majoka. Joka la kuchezea alilitengeneza mwenyewe, akachukua dinosaria la plastiki akalibadilisha sura. Bei nayo akaiweka. Shujaa mmoja pointi 20. Joka moja pointi 100.

Yaani joka moja kwa mashujaa watano. Iweke hiyo tano mfukoni, itahitajika mbele.

Na joka hilo halikuwa mchezo. Moto wake ukikugusa umekwenda, labda uwe joka mwenzake, au shujaa wa daraja la juu, au mchawi, hao ndo walipewa nafasi ya kurusha dadu wajiokoe. Ila lilitema mara tatu tu kabla ya kuhitaji kupumzika. Unaona mkono wa mtu wa bima hapo? Hatari kubwa, lakini ina ukomo, na ukomo umeandikwa.

MLINZI ANALETA PANGO

Wa pili alikuwa kijana wa Minnesota, mwanafunzi wa historia ambaye pia aliwahi kufanya kazi ya ulinzi. Alikutana na jamaa wa bima Agosti 1969 kwenye Gen Con, mkusanyiko wa wapenda michezo pale Lake Geneva. Kuanzia 1971 mlinzi alikuwa na mchezo wake unaitwa Blackmoor, na ndani yake akafanya kitu ambacho vita vya mezani havikuwa navyo. Badala ya jeshi zima, kila mtu alikuwa na mhusika mmoja tu, na mhusika huyo aliendelea kuishi wiki baada ya wiki.

Hapo sheria za zamani zikapasuka. Askari akifa kwenye vita vya mezani unachukua mwingine. Lakini mhusika wako, mwenye jina lake na mali zake, afe kwa dadu moja? Watu walilalamika. Mlinzi akaleta pointi za uhai, ili mtu aumie kidogo kidogo kabla ya kufa. Kitu hicho hicho leo ni ule mstari mwekundu juu ya kichwa cha mchezaji kwenye gemu la simu.

Mwishoni mwa 1972 mlinzi akafunga safari mpaka Lake Geneva kumwonyesha mwenzake. Jamaa wa bima akadata. Wakaandikiana, wakapanga sheria, na Januari 1974 boksi likatoka: vijitabu vitatu, nakala 1,000, dola 10. Kampuni ilikuwa ndogo kiasi kwamba boksi zilipangwa kwa mikono. Mzigo ukaisha kabla mwaka haujafika.

BEI MPYA, TATIZO JIPYA

Kwenye Chainmail pande zote mbili zilinunua. Ukichukua joka kwa pointi 100, mwenzako naye ana pointi 100 za kukujibu. Ndani ya D&D mwendesha mchezo hanunui kitu. Anaweza kuweka majoka kumi kwenye chumba kimoja na hakuna wa kumuuliza. Kwa hiyo bei ikageuka. Swali likawa: joka lina thamani gani kwa yule anayelishinda?

Jibu la 1974 lilikuwa na sehemu tatu.

Ya kwanza ni hazina. Joka linalalia mali, kila mtu anajua.

Ya pili ni pointi za uzoefu, zile zinazompandisha mhusika levo. Kiumbe kilitoa pointi 100 kwa kila levo yake. Joka la dadu 10 za uhai likatoa 1,000. Inaonekana nyingi? Mpiganaji alihitaji 120,000 kufika levo ya 8. Kumbe utajiri wenyewe ulikuwa kwenye hazina, kwa sababu kila kipande kimoja cha dhahabu nacho kilihesabiwa pointi moja ya uzoefu. Sasa fikiria inamaanisha nini. Anayelichapa joka mpaka life anapata dhahabu yake na pointi. Anayenyata likiwa limelala akabeba dhahabu ile ile anapata karibu sawa, na nguo zake hazijaungua. Na majoka yalilala kweli: joka jeupe lilikuwa na asilimia 60 ya kukutwa limelala, jekundu asilimia 20. Mwizi alilipwa karibu sawa na shujaa. Wajanja waliiona mapema sana.

Sehemu ya tatu ndo ile ya sokoni. Badala ya kuua, unapiga kwa ubapa wa panga, kipigo cha kutiisha. Kadiri unavyolichosha ndivyo uwezekano wa kusalimu amri unavyopanda. Joka lenye pointi 40 za uhai, ukiwa umelipiga pointi 10, lina asilimia 25 ya kunyoosha mikono. Ukifika 20, nusu kwa nusu. Likikubali unalifunga kamba, unalipeleka mnadani kama ng'ombe wa Pugu.

Hesabu ni hii. Joka jekundu la makamo, dadu 10, pointi 4 kwa kila dadu, jumla 40. Kwa bei ya 500 mpaka 1,000 kwa pointi, unaondoka na vipande 20,000 hadi 40,000 vya dhahabu. Kitabu kilitoa onyo moja tu: joka lililotiishwa linatii likiwa linajua umelizidi. Likipata upenyo linatoroka, au linakumaliza kwanza ndo linatoroka.

Hapo mchezo ulikuwa umelipa joka sura ya mali. Mnyama wa kuogopwa kuliko wote kwenye kitabu ndiye aliyekuwa na bei nzuri kuliko wote. Na kitu chenye bei nzuri hakiogopwi, kinatafutwa. Watu wakaanza kwenda kuwinda majoka kama watu wanavyokimbilia machimbo dhahabu ikitajwa.

LINAUA MARA MOJA, LINAKUFA MARA MBILI

Kulikuwa na kosa jingine limejificha kwenye pumzi. Mwaka 1974 moto wa joka ulikuwa na uzito sawa na uhai wa joka lenyewe. Joka la pointi 40 linatema moto wa pointi 40. Inaonekana safi, namba moja inafanya kazi mbili. Lakini matokeo yake yalikuwa ya ajabu.

Mpiganaji wa levo ya 8, mtu mzito kabisa, kwa wastani alikuwa na pointi kama 30 hivi. Moto wa 40 unamfuta, isipokuwa dadu imwokoe ale nusu. Halafu geuza upande wa pili. Joka lenye uhai wa 40 likizungukwa na watu sita wenye mapanga ya kichawi halimalizi raundi nyingi. Lilikuwa kama bondia mwenye ngumi moja ya kuua, lakini ukimgusa mara mbili tu yuko chini. Pambano zima liliamuliwa na nani kaanza.

Joka jekundu kubwa kuliko yote mwaka 1974 lilikuwa na dadu 11, pointi 6 kila moja: 66. Mwaka 1977 kikatoka kitabu cha viumbe, Monster Manual, umri wa majoka ukaongezwa mpaka madaraja 8. Jekundu kongwe likafika 88. Na bei ya sokoni ikaporomoka: kutoka 500 mpaka 1,000 kwa pointi, ikawa 100 mpaka 800. Soko lilishajaa, au mwandishi alishachoka kuona watu wanauza majoka. Vyovyote vile, bei iliteremka.

Hata pointi za uzoefu ziligeuzwa mapema. Mwaka 1975, kitabu cha nyongeza kinachoitwa Greyhawk kilipunguza zile 100 kwa levo na kuweka hesabu mpya: msingi mdogo, halafu nyongeza kwa kila uwezo wa pekee. Kiumbe kinachotema moto kikawa na thamani kuliko kiumbe cha uhai ule ule kinachouma tu. Mtu wa bima alikuwa anarudi kwenye kazi yake ya zamani. Usimpime mteja kwa uzito, mpime kwa hatari aliyobeba.

Mwaka 1981, kwenye toleo la wanaoanza, pumzi nayo ikaguswa. Moto ukawa sawa na uhai joka lililobaki nao wakati ule. Ukilijeruhi, moto unapungua. Kwa wachezaji wapya ilikuwa nafuu. Kwa joka ilikuwa balaa, kwa sababu kila panga lilipunguza vitu viwili kwa mpigo.

BEI YA WATU

Wakati majoka yanapangiwa bei, kuna bei nyingine ilikuwa inagombaniwa nje ya meza.

Kampuni ilikua haraka. Mwanzilishi mmoja, rafiki wa utotoni wa jamaa wa bima, alifariki Januari 1975 kabla hajaonja matunda. Mlinzi naye akaondoka kwenye kampuni, na toleo kubwa jipya, Advanced Dungeons & Dragons, lilipotoka bila yeye kupata mgao alioamini ni haki yake, mwaka 1979 akaenda mahakamani. Kesi ikaisha kwa makubaliano mwaka 1981.

Iangalie vizuri. Watu wawili waliokaa pamoja wakapata namba ya kila kitu, kuanzia panga mpaka joka, walishindwa kupata namba moja ya kazi yao wenyewe. Nani alileta mchezo? Aliyewaza kuishi ndani ya mhusika mmoja, au aliyeandika kurasa, akatafuta hela na kuuza boksi? Mashabiki wanabishana mpaka kesho. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, lakini haki yake ni asilimia ngapi? Dadu ya hapo haijatengenezwa.

Na jamaa wa bima naye hakubaki salama. Mwaka 1985, baada ya mvutano wa hisa, aliondolewa kwenye uongozi wa kampuni aliyoianzisha. Mchezo ukabaki, yeye akawa nje.

WALIOMRUDISHIA JOKA HESHIMA

Mwaka 1989 toleo la pili likatoka, limeandikwa na watu wengine. Kazi mojawapo waliyoifanya ilikuwa kulirudishia joka hofu yake. Madaraja ya umri yakawa 12. Moto ukatenganishwa na uhai kabisa, ukapewa dadu zake. Joka jekundu la daraja la mwisho lilirusha dadu 24 zenye pande 10 na kuongeza 12, wastani kama 144. Linganisha na 88 ya zamani.

Dhahabu nayo ikakosa nguvu. Kupata pointi za uzoefu kwa kubeba hazina ikawa jambo la hiari, meza ikitaka ndo inatumia. Na biashara ya kulifunga joka kamba ulipeleke sokoni ikafutika. Joka halikuwa tena na bei ya dukani.

Lakini mwendesha mchezo akabaki na tatizo lake la siku zote. Anajuaje kwamba joka hili linawafaa watu wake? Kitabu kilimpa joka, hakikumpa kipimo. Wengi walijua baada ya msiba, meza yote imenuna, karatasi za wahusika zinachanwa.

Mwaka 1997 kampuni ya Lake Geneva, ikiwa na madeni mpaka shingoni, ikanunuliwa na Wizards of the Coast, watu wa karata za Magic: The Gathering. Hawa kupanga bei ndo kazi yao. Kwenye karata zao za 1993 kulikuwa na joka moja maarufu linaitwa Shivan Dragon, nguvu 5, uhai 5, linaruka, na kulitoa mezani lazima ulipe mana 6. Wapenzi wa karata hizo walishazoea kuuliza swali moja: inalipa au hailipi?

Toleo la tatu likatoka mwaka 2000 na kitu kipya, kipimo cha ugumu. Kila kiumbe kikapewa namba. Kiumbe cha namba 10 ni saizi ya wahusika wanne wa levo ya 10, na pambano hilo linatakiwa kuwala kama asilimia 20 ya akiba yao: uhai, uchawi, dawa. Joka jekundu likiwa kifaranga lilipewa namba ndogo. La makamo ikapanda. La daraja la mwisho likapewa kubwa zaidi, na uhai wa pointi 660. Mara kumi ya babu yake wa 1974.

Kwa mara ya kwanza joka lilikuwa na bei inayosomeka. Na kwa mara ya kwanza watu wengi wakagundua kwa pamoja kwamba bei inadanganya. Majoka yaligonga kuliko viumbe vingine vya namba ile ile. Lina makucha, meno, mabawa na mkia, kila kimoja kinapiga, linafanya uchawi, na juu ya yote linaruka. Mwendesha mchezo mwenye huruma analishusha chini lipigane. Mwenye akili analiacha hewani linatema, linageuka, linatema. Joka moja, namba moja, mapambano mawili tofauti kabisa. Namba haikujua kitakachofanywa na mtu aliyelishika.

TANO INARUDI

Jamaa wa bima alifariki Machi 2008. Miezi mitatu baadaye toleo la nne likaingia sokoni, na ndani yake kuna kitu ambacho angekitambua mara moja.

Mwendesha mchezo sasa alipewa bajeti. Wachezaji watano wa levo ya 3 ni bajeti ya pointi 750. Nenda sokoni. Kiumbe cha kawaida cha levo ya 3 ni pointi 150, kwa hiyo unanunua vitano. Au unachukua joka jeupe changa, kiumbe cha kupigana peke yake, pointi 750 zote. Joka moja kwa viumbe vitano.

Hiyo ndo ile tano ya mfukoni. Mwaka 1971 joka lilikuwa mashujaa watano. Miaka 37 ikapita, sokoni, mahakamani na kwenye madeni, hesabu ikarudi pale pale.

Ila ilikuja na ugonjwa. Ukimpa kiumbe mmoja uhai wa viumbe vitano, unapata pambano refu. Watu wanapiga, wanapiga, joka bado lipo, wengine wanaangalia saa. Mbaya zaidi ni zamu. Wachezaji watano wana zamu tano kila raundi. Joka lina yake. Mchawi mmoja akipata bahati ya dadu akaliduwaza, joka linapoteza zamu, wenzake wanalichapa. Raundi inayofuata mwingine analiduwaza tena. Joka lenye thamani ya viumbe vitano linakufa limesimama kama nguzo ya umeme. Viumbe vitano vya kawaida visingedhalilika hivyo, kwa sababu ukimduwaza mmoja, wanne bado wana mikono.

Hapo ndo siri ilipofichuka. Miaka yote watu walipangia bei meno, moto na uhai wa joka, wakasahau kupangia bei zamu. Joka halikuwa linashindwa kwa sababu ni dhaifu. Lilikuwa linashindwa kwa sababu liko peke yake. Wengi wape.

Toleo la tano, mwaka 2014, likalipa deni hilo. Joka jekundu la makamo lilipewa kipimo cha 17, uhai 256, na moto wa wastani wa 63.  Kisha likaongezewa vitu viwili. Kwanza, vitendo vitatu vya ziada vya kutumia mwishoni mwa zamu za wengine: wewe umemaliza kupiga, mkia unakujibu hapo hapo. Pili, mara tatu kwa siku, dadu ikilisaliti mbele ya uchawi, joka linaamua tu kwamba limepona. Mchawi katumia akiba yake nzuri, joka linamwangalia. Na ukilifuata nyumbani kwake, lile kongwe au la makamo, hata pango lenyewe linaweza kupigana upande wake.

Uhai wa jekundu kongwe mwaka huo ulikuwa 546. Zipange namba: 66, 88, 660, 546. Ya mwisho ni ndogo kuliko iliyotangulia, na bado waendesha mchezo wengi watakwambia joka la 2014 linasimama vizuri mbele ya watu watano, kwa sababu linapata nafasi ya kusema neno kila mtu anaposema lake.

INABAKI KWA ALIYESHIKA DADU

Je, kesi imeisha? Wapi. Kuna meza ya wakongwe wanaolimaliza joka la 17 kabla halijatema mara ya pili. Kuna meza ya wageni wanaokufa kwa joka changa kwa sababu wamesimama wote mstari mmoja kama wanasubiri mwendokasi. Kitabu ni kile kile. Bei imeandikwa kwa mteja wa wastani, na mteja wa wastani hajawahi kukaa kwenye meza yoyote.

Mtu wa bima alilijua hilo kabla hata ya joka la kwanza. Jedwali linakupa makadirio, halafu anaingia mtu halisi mwenye bahati yake, uoga wake na marafiki zake. Ndiyo maana kwenye kila meza, nyuma ya karatasi zake, mwendesha mchezo mzuri anafanya kazi ile ile ya usiku wa Lake Geneva: anawaangalia watu wake usoni, anaangalia uhai uliobaki, anaamua kama joka sasa hivi litatema, au litaruka liende zake limejeruhiwa, lirudi siku nyingine na hasira.

Mlinzi alifariki Aprili 2009, mwaka mmoja baada ya mwenzake. Mchezo wao bado unauzwa, joka bado lipo kwenye jina, na kila toleo jipya likitoka watu wanakimbilia ukurasa wa joka jekundu kwanza kuangalia limepanda au limeshuka.

Haya, zamu yako. Joka jekundu limelala mbele yako, mko watano, mmoja wenu anakohoa. Mnabeba dhahabu mnasepa, mnalifunga kamba mkaliuze, au mnapigana? Dondosha jibu hapo chini, na useme nani kwenye genge lako angekuwa wa kwanza kukimbia.